Sifuri Mwishoni mwa Neno

Andika amri ya sleep 100 kwenye kompyuta ya Linux, kisha, kabla sekunde hizo hazijaisha, lisome faili la cmdline ambalo mfumo huiwekea kila programu inayoendeshwa, ndani ya saraka ya /proc. Skrini itakuonyesha sleep100, maneno mawili yaliyogandana. Ukizihesabu baiti utapata 10, ilhali herufi na tarakimu unazoziona ni 8 tu. Mbili zilizobaki hazionekani kwa sababu hazina umbo: ni baiti zenye thamani ya sifuri, moja baada ya sleep na nyingine baada ya 100. (Tarakimu 0 iliyomo ndani ya 100 ni kitu kingine; kompyuta huiandika kwa namba 48. Sifuri ninayoizungumzia ni baiti ambayo biti zake zote 8 zimezimwa.)

Katika lugha ya C, ambayo ndiyo iliyotumika kuandika sehemu kubwa ya Linux, neno halijui urefu wake. Linaanza mahali fulani kwenye kumbukumbu na linaendelea mpaka sifuri itokee. Uamuzi huo una zaidi ya miaka 50, na bado kila mtu anayeandika C anaishi nao.

Dennis Ritchie alipokuwa akiiunda C katika maabara za Bell huko New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1970, njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitumika katika BCPL, lugha ya Martin Richards ambayo C imetokana nayo: idadi ya herufi inatangulia, herufi zenyewe zinafuata. Ya pili ni kuandika herufi hadi zitakapoisha, kisha kuweka alama ya kikomo. Ken Thompson alikuwa ameshachagua kikomo katika lugha yake ya B, na Ritchie akafuata njia hiyo. Baadaye alieleza sababu: idadi iliyobanwa kwenye baiti moja ingeweka mpaka kwenye urefu wa matini, na kuitunza hesabu hiyo kulionekana kuwa na usumbufu zaidi kuliko kuweka kikomo. Baiti moja haihesabu zaidi ya 255. Baiti ya pili ingeongeza gharama ya kila neno, kwenye mashine ya PDP-11 iliyokuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 kwa kazi zote. Simu ya bei nafuu ya leo inaizidi kwa zaidi ya mara elfu kumi. Kwa hali aliyokuwa nayo, naona alichagua sawasawa.

Uzito wa uamuzi huo unaonekana vizuri unapotaka kuweka orodha ya maneno, si neno moja. Chukua bafa, yaani kipande cha kumbukumbu kilichotengwa kwa kazi fulani, chenye baiti 20, uweke humo majina matatu kwa kubananisha:

Lamu\0Tanga\0Kilwa\0\0

Alama ya \0 ndivyo C inavyoiandika sifuri. Lamu inachukua baiti 5, Tanga 6, Kilwa 6, na sifuri ya ziada mwishoni inatangaza kwamba orodha nzima imekwisha. Jumla ni 18. Kuipitia orodha ni kazi nyepesi: simama kwenye herufi ya kwanza, pima urefu wa neno kwa strlen, ongeza moja ili kuiruka sifuri, na hapo umefika mwanzo wa neno linalofuata. Ukikuta sifuri pale ulipotarajia herufi, orodha imeisha. Windows inahifadhi hivyo vigeu vya mazingira vya kila programu, na rejista yake ina aina maalumu ya data, REG_MULTI_SZ, iliyojengwa kwa mpango huohuo. Hakuna jedwali la anwani, hakuna viungo vya kufuatilia. Unaweza kuibeba orodha yote kwa mkupuo mmoja na kuiandika kwenye faili kama ilivyo.

Bei yake ya kwanza ni kwamba orodha hii haiwezi kubeba neno tupu. Neno tupu ni sifuri peke yake, na sifuri peke yake inasomwa kama mwisho wa orodha. Anayehifadhi majibu ya fomu kwa njia hii, mtu mmoja akiacha swali la pili wazi, majibu yote yanayofuata yatatoweka kwa msomaji ingawa bado yamo kwenye bafa.

Kuongeza na kuondoa ndiko kunakohitaji mkono makini. Ukitaka kuifuta Tanga, baiti zote zilizo baada yake lazima zisogezwe nyuma nafasi 6, pamoja na sifuri ya mwisho kabisa. Kazi hiyo ni ya kitendakazi cha memmove, si memcpy. Sehemu zinakotoka baiti na sehemu zinakokwenda zinapandana, na memcpy haitoi ahadi yoyote kuhusu hali hiyo. Mwaka 2010 maktaba ya glibc ilibadilisha mwelekeo ambao memcpy inanakili, na watumiaji wa Fedora wakaanza kusikia sauti zilizovurugika kutoka Adobe Flash. Programu hiyo ilikuwa ikitumia memcpy mahali pa memmove, na kwa muda mrefu ilikuwa imenusurika kwa bahati.

Ukitaka kuiongeza Pemba, unaiandika juu ya ile sifuri ya mwisho, kisha unaweka sifuri mpya. Baiti 6 zaidi zinafanya 24, na bafa yetu ni ya 20. C haitakuzuia. Ndani ya bafa sifuri ni bikoni kati ya viwanja: anayeing'oa huunganisha viwanja viwili, na anayejenga kuvuka ya mwisho yuko tayari kwenye ardhi ya jirani. Jirani huyo anaweza kuwa kigeu kingine, au anwani ambayo programu ilipaswa kurudi baada ya kazi. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Robert Morris ulisambaa kwenye intaneti changa ya wakati ule, na mojawapo ya njia zake ilikuwa hiyohiyo. Huduma ya finger kwenye mashine za VAX ilipokea maandishi kwa gets, kitendakazi kisichouliza ukubwa wa bafa, ikiwa na bafa ya baiti 512. Mnyoo ulituma 536. Viwango vya C vilikuja kuifuta gets mwaka 2011, miaka 23 baadaye. Ucheleweshaji huo sioni utetezi wake.

Bafa ikijaa, unaomba kubwa zaidi kwa realloc, na hapo pana mtego mwingine. Mfumo unaweza kuihamishia orodha mahali papya, na kila anwani uliyokuwa umeihifadhi ya neno lililomo ndani yake inakuwa batili. Kwa hiyo usihifadhi anwani. Hifadhi umbali wa neno kutoka mwanzo wa bafa. Kilwa iko hatua 11 kutoka mwanzo, na itabaki 11 hata bafa ikihamia wapi.

Kupima pia kuna gharama, maana strlen hutembea herufi kwa herufi kila inapoitwa. Mwaka 2021 mchezaji mmoja aliuchunguza mchezo wa GTA Online uliokuwa ukichukua dakika nyingi kufunguka. Alikuta unasoma matini ya megabaiti 10, na kwa kila kipande kidogo ulichokisoma, kitendakazi cha sscanf kilikuwa kikipima urefu wa matini yote iliyobaki. Alipoitunza hesabu hiyo pembeni na kuondoa kosa jingine la utafutaji, muda wa kufungua ulipungua kwa takriban asilimia 70. Kampuni yenye mchezo ilikubali marekebisho hayo na kumlipa zawadi.

Jibu la mchezaji huyo ndilo ninalolipigania: weka sifuri, lakini usiitegemee peke yake. Pembeni ya bafa andika namba mbili, baiti zilizotumika na zilizopo, 18 na 20, na zisasishe kila unapogusa orodha. Vitendakazi vya argz katika glibc hufanya kazi kwa mtindo unaokaribiana na huu. Vinapokea bafa pamoja na urefu wake wote, na kwa sababu hiyo neno tupu linaruhusiwa humo. Nayo strlcpy, iliyotoka OpenBSD mwaka 1998, inapokea ukubwa wa bafa na kurudisha urefu uliohitajika, ili ujue kama kuna kilichokatwa.

Sifuri yenyewe haijapoteza thamani. Kwenye Unix jina la faili linaweza kuwa na nafasi, alama za nukuu, hata mstari mpya. Baiti zinazokatazwa ni mbili tu, mkwaju na sifuri. Anayetenganisha orodha ya majina ya faili kwa mistari anajitafutia balaa siku mtu atakapolipa faili jina lenye mstari mpya. Ndiyo sababu amri ya find ina chaguo la -print0 na xargs ina -0.

Thompson na Rob Pike waliilinda sifuri hiyo walipobuni UTF-8 mwaka 1992: hakuna herufi ya lugha yoyote, ukiiondoa sifuri yenyewe, ambayo baiti zake zina sifuri ndani. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakioni tofauti, kila herufi ni baiti moja, na Lamu inabaki baiti 5 pamoja na kikomo chake. Iandike Lamu kwa hati ya Kiarabu, kama ilivyoandikwa pwani kwa karne kadhaa, na herufi zake 4 zinakuwa baiti 8, pamoja na sifuri 9. Mpango wa strlen unafanya kazi vilevile, ila sasa unahesabu baiti, si herufi. Na bafa ikiwa ya baiti 8, kukata kwenye ya 7 ili kuiachia sifuri nafasi kutaipasua herufi ya mwisho katikati. Kabla ya kuweka kikomo, angalia baiti ya kwanza unayotaka kuiacha nje: ikiwa thamani yake iko kati ya 128 na 191, ni mwendelezo wa herufi, na unapaswa kurudi nyuma hadi ufike pale herufi hiyo inapoanzia.