Ardhi Iliyo Jirani na Kiwanja cha Ndege za Vita

Mtu anunuapo shamba hutazama udongo, maji na njia. Ni wachache watazamao juu. Lakini iko ardhi ambayo matumizi yake hutegemea yapitayo angani, nayo ni ile iliyo jirani na kiwanja cha ndege za vita. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi jambo hili lilivyo katika Marekani, na mfano wetu ni kiwanja cha Oceana, katika mji wa Virginia Beach, jimbo la Virginia.

Ajali nyingi za ndege hutokea wakati wa kuruka au kutua, karibu na ncha za njia ya kurukia. Kwa sababu hii, tangu miaka ya 1970, Wizara ya Ulinzi ya Marekani hushauri ardhi iliyo mbele ya ncha hizo igawanywe sehemu tatu. Kwa njia kubwa, sehemu ya kwanza ina urefu wa futi 3,000, nayo haifai kujengwa. Ya pili ni futi 5,000 mbele yake: hapo nyumba za kukaa hazifai, wala shule, bali kilimo, malisho na maghala huruhusiwa. Ya tatu ni futi 7,000 zaidi. Nyumba zaweza kuwapo, ila chache na zilizoachana. Basi mkulima hafukuzwi. Azuiwaye ni yule atakaye kukusanya watu wengi mahali pamoja. Hata hivyo mkulima naye ana sharti: asivute makundi ya ndege wa manyoya kwa madimbwi au majalala, maana ndege mmoja tu akiingia katika mtambo aweza kuuharibu.

Tena kuna makelele. Hupimwa kwa desibeli, wastani wa usiku na mchana, na kila kishindo cha tangu saa nne usiku hata saa moja asubuhi huongezewa desibeli 10, kwa kuwa huwasumbua waliolala. Wastani ukifika 65, nyumba hazishauriwi.

Lakini wizara hutoa shauri tu; mwenye amri ya kuruhusu ujenzi ni halmashauri ya mji, na hapo ndipo penye taabu. Serikali iliponunua ardhi ya Oceana mwaka 1940, pande zote palikuwa mashamba. Mji ukakua, wenye mashamba wakauza viwanja, na nyumba zikasogea hata chini ya njia ya ndege. Mwaka 1999 kiwanja cha Cecil Field, kilichoko Jacksonville katika jimbo la Florida, kilifungwa, na ndege zake nyingi zikahamishiwa Oceana.

Mwaka 2005 tume iliyokuwa ikichagua vituo vya majeshi vya kufungwa iliuonya mji: zuieni ujenzi na mnunue nyumba zilizo katika sehemu ya hatari, ama ndege zirudi Florida. Halmashauri ilikataa kuwatoa watu majumbani mwao kwa nguvu. Lakini Desemba 2005 ilipitisha sheria za kuzuia ujenzi mpya usiofaa, ikaanza kununua ardhi kwa hiari ya wenyewe. Mji na jimbo wakatenga dola milioni 15 kwa mwaka. Twaona walifanya vema kulipa, kwani si haki hasara imwangukie mwenye shamba peke yake. Ila gharama hiyo ingalikuwa ndogo mno kama sheria ingalitangulia nyumba. Novemba 2006 watu wa Jacksonville walipiga kura, wengi wakazikataa ndege, nazo zikabaki Oceana.

Tarehe 6 Aprili 2012 ndege moja ya vita iliruka kutoka Oceana, mitambo yake yote miwili ikashindwa, ikaanguka juu ya nyumba za kupanga. Nyumba ziliungua na watu kadhaa waliumia, lakini hakufa mtu hata mmoja. Marubani wawili walijiokoa kwa miavuli.

Sheria ya Virginia yamtaka auzaye au apangishaye nyumba katika sehemu hizo amjulishe mwenzake kwa maandishi, kabla ya kutia sahihi, kwamba nyumba imo katika eneo la makelele au la ajali.