Gia Zinapogoma: Somo la Msuguano Ndani ya Klachi ya Pikipiki

Katika vijiji na miji mingi ya Afrika Mashariki, pikipiki ndiyo inayompeleka mgonjwa zahanati, mwalimu kituoni kwake, na gunia la mahindi sokoni. Kwa hiyo gia zake zinapoanza kuingia kwa kishindo, au kukataa kabisa kuingia, hasara huwa ni mbili: kazi ya siku husimama, na pengine injini hupasuliwa ili giaboksi itazamwe. Kupasua injini ni kazi ya gharama, na isipofanywa kwa uangalifu huacha kasoro ambayo haikuwapo. Aghalabu, baada ya taabu yote hiyo, gia huonekana ni nzima. Ugonjwa ulikuwa katika klachi. Na mara nyingi hata klachi yenyewe haikuwa na dosari, ila waya wake ulikuwa umelegea milimita chache.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini milimita hizo chache zina uzito mkubwa kiasi hicho, na ni kwa utaratibu gani tunaweza kuutafuta ugonjwa kabla ya kuchukua spana. Tutazungumzia pikipiki za kawaida za mipigo minne, zenye ujazo wa sentimita 100 hadi 150, ambazo klachi yake huzama katika oili ya injini na huendeshwa kwa mkono wa kushoto. Pikipiki zisizo na mkono wa klachi, kama ile Honda Super Cub iliyotolewa mwaka 1958, zina utaratibu wao tofauti, nazo hazimo katika maelezo haya.

Kazi ya klachi

Injini ya petroli haiwezi kuanza kazi ikiwa imebeba mzigo, wala haiwezi kusimama kila gurudumu linaposimama. Hapana budi pawepo kiungo kinachoweza kuiunganisha injini na giaboksi, na kuitenganisha, kwa hiari ya dereva. Kiungo hicho ni klachi.

Ndani ya klachi mna pleti za aina mbili zilizopangwa kwa kupishana. Pleti za aina ya kwanza zina ngozi ya msuguano, na masikio yake ya nje hushika bakuli linalozungushwa na injini. Pleti za aina ya pili ni za chuma kitupu, na meno yake ya ndani hushika kitovu kinachozungusha giaboksi. Springi kali huzibana pleti zote pamoja, nazo huzunguka kama kitu kimoja. Dereva anapovuta mkono wa klachi, springi husukumwa nyuma, pleti huachana, na injini huzunguka peke yake.

Kwa nini pleti ziwe nyingi? Jibu limo katika kanuni ambayo Mfaransa Guillaume Amontons aliieleza mwaka 1699: kani ya msuguano hulingana na kani inayobana nyuso mbili, wala haitegemei ukubwa wa eneo la nyuso hizo. Kupanua pleti moja ili tu eneo lake liongezeke hakusaidii. Kinachosaidia ni kuongeza idadi ya nyuso zinazosuguana, maana kani ileile ya springi hupita katika kila moja.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme springi zinabana kwa niutoni 800, kizigeu cha msuguano ni 0.12, wastani wa nusu kipenyo cha pleti ni mita 0.05, na nyuso zinazosuguana ni 10. Momenti ambayo klachi inaweza kuipitisha ni:

0.12 × 800 × 0.05 × 10 = niutoni-mita 48.

Uso mmoja peke yake ungepitisha niutoni-mita 4.8 tu. Sasa tuseme injini inatoa niutoni-mita 10, na meno yaliyo kati ya injini na klachi yanaizidisha momenti hiyo mara 3. Klachi inadaiwa niutoni-mita 30, nayo inaweza 48. Ziada hiyo ndiyo akiba yake. Mwanafunzi na aziweke namba hizi kichwani, kwa sababu tutazirejea.

Safari ya milimita kumi na tano

Mkono wa klachi ni wenzo wa kawaida. Ikiwa ncha yake iko milimita 150 kutoka kwenye egemeo, na waya umefungwa milimita 30 kutoka kwenye egemeo hilohilo, basi ncha ikisogea milimita 75, waya husogea milimita 15 tu. Tunapoteza mwendo ili tupate kani.

Waya huo unapofika kwenye injini hukuta wenzo mwingine unaopunguza mwendo tena, tuseme mara 8. Sasa tuhesabu. Ncha ya mkono ikiwa na ulegevu wa milimita 15 kabla waya haujaanza kuvuta, waya hupoteza milimita 3, na zinazobaki ni 12. Zikigawanywa kwa 8, pleti hufunguka kwa jumla ya milimita 1.5. Nafasi hiyo hugawanywa baina ya nyuso 10: kila uso hupata milimita 0.15. Unene wa karatasi ya daftari ni karibu milimita 0.1. Kwa maneno mengine, utengano wote wa injini na giaboksi ni nafasi ya karatasi moja na nusu.

Ulegevu ukifika milimita 45, waya hubakiwa na milimita 6 za kazi, na kila uso hupata milimita 0.075. Nafasi hiyo haitoshi. Oili iliyo baina ya pleti, na kupinda kidogo kwa pleti zenyewe, hutosha kuendelea kuburuta giaboksi hata dereva awe amevuta mkono hadi mwisho.

Magonjwa mawili yaliyo kinyume

Ugonjwa wa kwanza mafundi huuita klachi kutokata. Dalili zake ni hizi: gia ya kwanza huingia kwa kishindo kikubwa, pikipiki hutaka kuondoka yenyewe mkono ukiwa umevutwa, na nyutro haipatikani pikipiki ikiwa imesimama, lakini hupatikana mara injini inapozimwa.

Sababu tunaweza kuiona tukiifikiria giaboksi. Katika pikipiki hizi, gia zote hushikana jozi kwa jozi wakati wote. Pedeli huzungusha ngoma yenye mifereji. Mifereji husogeza uma. Na uma huitelezesha gia moja ubavuni mwa nyingine hadi meno ya ubavuni yaingie katika nafasi zake. Klachi isipokata, meno hayo hubaki yamekandamizwa na nguvu ya injini, na msuguano huyashikilia yasitoke. Yale yanayotaka kuingia nayo hukuta mwenzake anazunguka kwa kasi nyingine. Dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo uma hupinda na pembe za meno hulika. Ulegevu wa waya, usiogharimu hata shilingi kuurekebisha, umezaa ubovu wa kweli wa giaboksi.

Ugonjwa wa pili ni klachi kuteleza. Injini hupiga kelele, lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani au pikipiki ikiwa na abiria. Hutokea waya ukikazwa mno. Waya usio na ulegevu wowote huwa unazivuta springi kidogo wakati wote, kana kwamba dereva hajauachia mkono. Tukirudi kwenye hesabu yetu, waya ukipunguza mbano wa springi kwa nusu, klachi hupitisha niutoni-mita 24, nayo inadaiwa 30. Pleti huteleza, huchemka na kuungua. Anayeteleza hivi katikati ya kulipita lori hana nafasi ya kurudi nyuma.

Yafaa kukumbuka jambo moja ambalo wengi hawalitazamii. Waya ukivutika kwa kuzeeka, ulegevu huongezeka. Lakini katika miundo mingi pleti zikilika, ulegevu hupungua. Kwa hiyo klachi iliyorekebishwa vema haibaki hivyo daima, na wala hatuwezi kubashiri itaelekea upande gani bila kupima.

Utaratibu wa uchunguzi

Mwanasayansi hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na huanza na lile lililo rahisi kulipima. Fundi mzuri, hata yule aliye chini ya mwembe, hufanya vivyo hivyo.

1. Pima ulegevu kwa rula kwenye ncha ya mkono. Katika pikipiki nyingi za aina hii hutakiwa uwe milimita 10 hadi 20. Kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho chenye kauli ya mwisho. Geuza usukani kulia na kushoto kabisa. Ulegevu ukibadilika, waya umepitishwa vibaya.

2. Kagua waya. Nyuzi zilizokatika karibu na kichwa chake, au ala iliyokauka na kuingia kutu, huufanya ukwame.

3. Kagua oili: kimo chake, umri wake na aina yake.

4. Kagua mnyororo na pedeli. Mnyororo uliolegea au kukazwa mno huzishtua gia, na pedeli iliyopinda kwa kuanguka haimalizi mwendo wake.

5. Fanya jaribio la kutenganisha. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zima injini, zungusha gurudumu la nyuma polepole kwa kulishika tairi, huku ukibadili gia moja baada ya nyingine. Weka vidole mbali na mnyororo. Gia zikiingia vizuri hapa, lakini zikagoma injini inapowaka, mshitakiwa ni klachi. Zikigoma hata hapa, tazama pedeli, ngoma na uma.

6. Baada ya hayo yote ndipo kifuniko cha klachi kifunguliwe, ili kukagua unene wa pleti, urefu wa springi, na kingo za bakuli, ambazo masikio ya pleti huweza kuzitoboa vijishimo.

7. Giaboksi ni ya mwisho. Dalili yake ni gia moja maalumu kuruka na kutoka yenyewe wakati injini inavuta, ilhali nyingine ni nzima.

Kurekebisha waya

Kazi hii ifanywe injini ikiwa imepoa. Legeza nati ya kufungia iliyo karibu na mkono wa klachi, kisha zungusha skrubu ya kurekebishia. Skrubu ikitoka nje, ala hurefuka, na ulegevu hupungua. Ikiingia ndani, ulegevu huongezeka. Ikiwa skrubu imekwisha kutoka sana, irudishe ndani, ufanye marekebisho makubwa kwenye skrubu iliyo upande wa injini, kisha umalizie kidogo juu. Kaza nati, washa injini, vuta mkono, ingiza gia ya kwanza. Pikipiki isisogee. Mlio mmoja mdogo wa gia kuingia ni wa kawaida, usimtie mtu wasiwasi.

Oili si oili tu

Baadhi ya oili za magari hutiwa kemikali za kupunguza msuguano ili kuokoa petroli. Katika klachi iliyozama ndani ya oili, jambo hilo ni hasara. Kizigeu kikishuka kutoka 0.12 hadi 0.07, klachi yetu ya mfano hupitisha niutoni-mita 28 tu, nayo itateleza ijapokuwa waya wake ni sahihi. Kwa ajili hiyo Wajapani walitoa mwaka 1998 kanuni ya viwango iitwayo JASO T 903. Oili yenye alama MA inafaa klachi hizi. Yenye alama MB ina msuguano mdogo, haifai. Alama hiyo huandikwa kwenye kopo, na kuisoma hakuna gharama.

Kwa darasa

Mwalimu anaweza kuifanya pikipiki moja iliyozimwa kuwa maabara ya kipindi kizima. Wanafunzi wapime umbali wa ncha ya mkono na wa waya kutoka kwenye egemeo, wakokotoe uwiano wa wenzo, kisha wabashiri waya utasogea kiasi gani na kuhakikisha kwa rula. Tena wajibu maswali haya:

(a) Klachi ya mfano wetu ikipunguziwa nyuso hadi 6, je, itatosha?

(b) Ni mbano gani mdogo kabisa wa springi utakaopitisha niutoni-mita 30?

(c) Dereva analalamika kuwa nyutro haipatikani asubuhi tu, injini ikiwa baridi. Eleza oili nzito inahusika vipi, na utafanya jaribio gani kulithibitisha hilo kabla ya kugusa skrubu yoyote.