Msimkalishe Mama Kitini

Mama akifika mjini kutoka kijijini, watoto humpokea kwa maneno yaleyale: "Mama, umehangaika vya kutosha, sasa pumzika." Akishika fagio, dada wa kazi anamnyang'anya. Akitaka kwenda gengeni, anatumwa kijana wa bodaboda. Chai inamfuata palepale alipo, mbele ya televisheni. Nia ni njema, ni heshima na shukrani kwa aliyetulea. Ila mtazame mama huyo baada ya miezi michache anapotaka kuinuka kwenye kochi. Anajisukuma kwa mikono miwili, anarudi chini, anajaribu tena. Akishasimama, anashika ukuta kwanza ndipo apige hatua. Tunausingizia uzee, kumbe kochi nalo lina lawama yake.

Ni kweli kwamba misuli hupungua. Baada ya miaka 30 mwili hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka 10, na ukivuka 60 kasi huongezeka. Nguvu nazo hushuka upesi kuliko misuli yenyewe. Mzee anayeshinda amekaa huongeza hasara juu ya hasara, na mapaja yakishalegea, kinachofuata mara nyingi ni kuanguka usiku akienda msalani na kuvunjika nyonga. Aliyewahi kumuuguza mzazi wa namna hiyo anajua kwamba wengine hawainuki tena.

Habari njema ni kwamba msuli wa mzee haujafa. Mwaka 1990 Dkt. Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwenye mzazi angepaswa kulisikia. Waliwachukua wazee 10 dhaifu waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee, wenye umri wa miaka 90 kwa wastani, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Tisa walimaliza. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zilikaribia kuwa mara tatu ya zile za mwanzo. Miaka 90! Halafu sisi tunamwambia mama wa miaka 66 asinyanyue ndoo.

Wazee wetu wengi ukiwauliza kuhusu mazoezi watakwambia wanatembea kila asubuhi. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa presha, na asiache mtu. Hata hivyo, kutembea pekee hakutoshi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mwenye miaka 65 na kuendelea apate walau dakika 150 kwa wiki za shughuli za wastani, na juu ya hapo afanye mazoezi ya kujenga misuli angalau siku 2, na ya nguvu pamoja na usawa wa mwili siku 3.

Gym si lazima. Kiti kigumu kisicho na magurudumu, kilichoegemezwa ukutani, kinatosha. Mama akunje mikono kifuani, asimame hadi anyooke, akae taratibu bila kujibwaga. Ahesabu anamudu mara ngapi kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10, au mwanamume wa umri huo asiyefikisha 12, yuko chini ya wastani, na kipimo hicho chenyewe ndicho kiwe zoezi lake. Kwa mikono, chupa ya maji ya lita moja na nusu ni kama kilo moja na nusu. Kwa usawa wa mwili, asimame kwa mguu mmoja huku ameshika ukingo wa meza. Cha msingi, mara za mwisho zimpe kazi. Zikiwa rahisi, aongeze. Mwenye tatizo la moyo, kizunguzungu au presha isiyotulia amwone daktari kwanza.

Chakula nacho kiendane na kazi hiyo. Wazee wengi huishia kwenye chai na mkate asubuhi, uji jioni, na kipande kikubwa cha nyama wakawaachia wajukuu. Misuli haijengwi kwa uji mtupu. Yai, dagaa, maharage, kunde na maziwa vipatikane kila siku, na mzee apakuliwe vya kwake.

Aibu isiwe kikwazo. Kule Limpopo, Afrika Kusini, bibi wa timu ya Vakhegula Vakhegula, iliyoanzishwa na Mama Beka Ntsanwisi, wanacheza mpira wa miguu, na mwaka 2010 walikwenda hadi Marekani kushindana.

Wewe mwenye mzazi nyumbani, anza wiki hii. Nenda naye sokoni, mwachie kikapu chepesi akibebe mwenyewe, na akitaka kufagia uwanja, mpe fagio.