Farasi Mwenye Chongo Huongozwa kwa Sauti
Macho ya farasi yako pande mbili za kichwa. Apatwapo na chongo, karibu nusu ya dunia yake huzimika. Akishtuka akapiga teke, huitwa mkorofi, na huenda akauzwa kwa kosa lisilo lake.

Usimguse kabla hajakusikia. Mwite, kisha umwekee mkono begani na kuutelezesha polepole hadi upande wa giza. Mfunze maneno machache yasiyobadilika: "simama", "twende", "taratibu". Mwongoze kwa kamba iliyolegea, kwanza ukiwa upande aonao, siku nyingine ule wa pili. Ndoo ya maji isihamishwe. Watoto, hata walio wapole, wasipite nyuma yake. Atakapokugeuzia sikio la upande asioona, badala ya kurusha kichwa, ndipo umwekee tandiko.