Kila mwongozo na toleo lake: namna ya kupanga maelezo ya programu huria



Katika Lubumbashi leo, orodha nyingi zinazowahusu ninyi huandikwa kwa kompyuta ama kwa simu: orodha za familia zilizohama, za watoto wanaotafuta nafasi shuleni, za wagonjwa wa vituo vya afya. Kamati zenu nazo zinaanza kuandika orodha zao wenyewe. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa programu huria, yaani programu ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kuzibadilisha bila kununua ruhusa. Kwa watu wenye fedha kidogo hilo ni jambo jema sana.

Lakini programu hizo hubadilika, na miongozo yake hubadilika pamoja nazo. Mtu akifuata mwongozo wa jana kwenye programu ya leo, kosa linaingia katika orodha, na kutoka katika orodha linaingia kati ya watu. Kwa hiyo tunataka kueleza hapa namna ya kupanga miongozo kufuatana na matoleo.

TOLEO NI NINI?

Programu haimaliziki siku moja. Watengenezaji huitoa, huendelea kuirekebisha, kisha huitoa tena. Kila mara wanapoitoa tunasema ni toleo, na kila toleo hupewa namba yake.

Wakaaji wa Kongo wanalijua jambo hili tayari kwa njia ya fedha. Mwaka 1993 zaire ya zamani ilibadilishwa kwa zaire mpya: zaire 3,000,000 za zamani kwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 ikaja franki ya Kongo: zaire mpya 100,000 kwa franki 1. Fikirini sasa karatasi ya deni ya miaka hiyo iliyoandikwa "5,000" tu, bila jina la fedha na bila tarehe. Mwenye kudai anasoma hivi, mwenye kudaiwa anasoma vile, na kila mmoja anaamini anasema kweli. Mwongozo usio na namba ya toleo ni kama karatasi hiyo.

Fedha hiyo inatufundisha jambo lingine. Zaire mpya haikufikisha hata miaka 5, na jina lake lilibaki "mpya" mpaka siku ilipokufa. Basi msiandike kamwe "mwongozo mpya" juu ya jalada. Andikeni namba.

NAMNA YA KUSOMA NAMBA

Programu zote hazihesabu kwa namna moja. Hizi ni njia tatu mtakazokutana nazo.

Njia ya kwanza ni namba zinazofuatana. DHIS2 ni programu huria ya takwimu za afya. Mizizi yake iko Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka, na leo kazi yake inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Kenya iliitumia nchi nzima tangu mwaka 2011, na wizara ya afya ya nchi yetu inaitumia pia. Toleo lake likiandikwa 2.41.3, namba ya katikati inaonyesha toleo lenye mambo mapya, na namba ya mwisho inaonyesha marekebisho ya kasoro. Ikibadilika namba ya mwisho peke yake, kwa kawaida mwongozo wenu bado unafaa. Ikibadilika ya katikati, tafuteni mwongozo mwingine.

Njia ya pili ni kutumia mwaka na mwezi. Ubuntu ni mfumo huria unaoendesha kompyuta nzima, na jina lake linatokana na neno la Kibantu lenye maana ya utu, lile ambalo Waluba huliita bumuntu. Ubuntu 24.04 ni toleo la mwezi wa 4, mwaka 2024. Kila miaka 2 hutoka toleo moja la kudumu, linalopewa marekebisho ya bure kwa miaka 5. Kwa kikundi chenye kompyuta chache na intaneti ya shida, matoleo hayo ya kudumu ndiyo yanayofaa.

Njia ya tatu ni kubadilisha hesabu katikati ya safari. LibreOffice, programu ya kuandikia barua na kupanga majedwali, ilifika 7.6 mwaka 2023. Toleo lililofuata, mwanzoni mwa mwaka 2024, liliitwa 24.2. Mtu anaweza kudhani amepitwa na matoleo mengi, lakini hakuna lililopotea. Walianza tu kuhesabu kwa mwaka na mwezi.

WENYE PROGRAMU WENYEWE HUPANGAJE?

Mradi wa DHIS2 huweka miongozo yake kwa matoleo: msomaji anachagua kwanza namba ya toleo lake, kisha anasoma. Miongozo ya matoleo yaliyotangulia haifutwi siku toleo jipya linapotoka. Mradi huo pia hutunza matoleo 3 ya mwisho kwa wakati mmoja, kwa sababu nchi na hospitali haziwezi kuhama zote siku moja.

Miradi mingine hutoa mwongozo wa aina mbili. Mmoja huitwa "imara", nao unaeleza toleo lililokwisha kutolewa. Mwingine huitwa "wa karibuni kabisa", nao unaweza kueleza mambo ambayo bado yanatengenezwa. Jihadharini na huo wa pili. Mkiuchapa mwezi wa 3 na kuuchapa tena mwezi wa 10, mtakuwa na vitabu viwili vyenye jina moja na maneno tofauti.

MFANO: ORODHA YA FAMILIA

KoboToolbox ni programu huria ya kukusanya majibu kwa simu. Ilitokana na kazi ya watafiti waliouliza watu wa Uganda na Kongo, walioumizwa na vita, maoni yao juu ya amani na haki. Mkibadilisha fomu na kuitoa upya, programu huandika kwamba hilo ni toleo jipya, na kila jibu huhifadhi alama ya toleo lake. Hata hivyo, simu ambayo haijapakua fomu mpya inaweza kuendelea na ya zamani. Na karatasi ya maelezo iliyo mkononi mwa muulizaji haiwezi kujibadilisha.

Tuseme kamati moja ya komini ya Ruashi ina fomu ya zamani inayouliza jimbo la asili, na maelezo yake yanasema: "Mtu wa Moba, Manono, Mitwaba ama Pweto, andika Katanga." Mwaka 2015 jimbo la Katanga liligawanywa kuwa manne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Fomu mpya ina majina hayo manne. Mitwaba na Pweto ziko Haut-Katanga, lakini Manono na Moba ziko Tanganyika.

Muulizaji mmoja amepewa simu yenye fomu mpya, ila bado anashika maelezo ya zamani. Familia ya Manono inafika, naye akiona neno "Katanga" ndani ya "Haut-Katanga" anachagua hilo. Mwenzake wa mtaa wa pili anaandika jirani zao wa Manono kuwa watu wa Tanganyika. Siku ya kusoma majina, familia moja imo katika orodha ya waliotoka Tanganyika, nyingine haimo. Maneno yanaanza: "Wameuza nafasi yetu." "Wanapendelea kabila lao." Hakuna aliyeiba kitu. Watu wawili walifanya kazi kwa matoleo mawili. Lakini hasira ni ya kweli, na mtoto aliyekosa blanketi ni wa kweli.

Katika mji huu neno "asili" si neno jepesi. Wazee wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga. Tusiache neno kama hilo litegemee karatasi isiyojulikana ni ya lini.

HATUA ZA KUFUATA

1. Tazameni kwanza kompyuta, halafu kitabu. Katika programu nyingi zenye Kifaransa, fungueni "Aide", kisha "À propos". Namba ya toleo iko hapo. Iandikeni kwenye karatasi na kuibandika juu ya mashini.

2. Andikeni mambo manne juu ya kila mwongozo: jina la programu, namba ya toleo, lugha, na tarehe ya kuchapa. Jina na namba ziandikwe chini ya kila ukurasa pia, kwa sababu watu hupiga fotokopi ya ukurasa mmoja na kuondoka nao.

3. Wekeni farde moja kwa kila toleo, na msichanganye matoleo mawili ndani ya farde moja. Fanyeni vilevile kwenye flashi: jina la faili libebe namba, kwa mfano "mwongozo-libreoffice-24.2".

4. Wekeni karatasi ya mabadiliko mbele ya kila farde. Ukurasa mmoja unatosha: ni nini kimeongezwa, nini kimeondolewa, nini kimehamishwa. Mtu aliyejifunza toleo la kwanza asome huo tu.

5. Msitupe toleo la zamani. Likiwa bado linatumika kwenye mashini moja, mwongozo wake ubaki karibu. Likiisha kutumika, andikeni "LA ZAMANI" kwenye jalada na kutunza nakala moja. Siku mtu akipinga orodha ya miaka iliyopita, mtahitaji kumwonyesha swali liliulizwaje wakati ule.

6. Tafsiri nayo itaje toleo ilikotoka. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2010 sehemu ya watengenezaji wa OpenOffice walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Maneno mengi ya kazi ile ya Dar es Salaam bado yanatufaa, lakini mtu asifuate hatua zake moja kwa moja kwenye programu ya leo.

7. Chagueni watunzaji wawili, mmoja kutoka kwa waliohama na mmoja kutoka kwa wenyeji wa mtaa. Wakitaka kuhamia toleo jipya, watangaze katika mkutano na kutaja siku. Msihame katikati ya kazi ya kuandikisha watu: malizeni kwanza kwa toleo mlilolianza.

MPANGO HUU UNAWEZA NINI?

Farde zilizopangwa vizuri haziondoi upendeleo, wala hazimzuii mtu mwenye nia mbaya kuuza nafasi. Lakini zinasaidia kutenganisha kosa na wizi. Malalamiko yakija, kiongozi anaweza kuuliza: jina hili liliandikwa kwa toleo gani, na maelezo yake yalisema nini? Ikiwa jibu liko ndani ya farde, kosa linasahihishwa mbele ya wote na hakuna wa kulaumiwa bure. Ikiwa maelezo yalikuwa sawa na bado jina limefutwa, basi kuna mtu wa kuulizwa. Pasipo toleo, kila kosa litaonekana wizi, na kila wizi utaweza kuitwa kosa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

– Je, tunajua namba ya toleo la kila programu tunayotumia?
– Ni karatasi ngapi kati ya zile tulizo nazo zinaonyesha ni za toleo gani?
– Orodha yetu ya mwisho iliandikwa kwa maelezo gani, na nani anayo nakala?
– Ni nani kati yetu, kwa upande wa waliohama na wa wenyeji, anayeaminiwa na wote kutunza farde hizi?