Je, Wajua? Uzuri wa Jino la Kauri Umo Katika Mwanga

Kando ya Ziwa Victoria, meno ya mbele hayajawahi kuwa jambo dogo. Zamani Wajaluo waling'oa sita ya chini kuwa alama ya utu uzima. Siku hizi, katika mji wa ziwani wa Sio Port kama kwingineko, anayepoteza jino la mbele hutaka lirudi, tena lisitambulike kuwa la bandia.

Hilo ni gumu kwa sababu jino si jeupe tu. Enameli, gamba lake la nje, hupitisha mwanga hadi kwenye dentini yenye umanjano. Mataji, yaani vifuniko vinavyovishwa jino lililoharibika, yaliyoenea tangu miaka ya 1960 yana kauri juu na chuma ndani. Ni imara, lakini chuma huzuia mwanga, na fizi ikishuka, mstari wa kijivu hujitokeza. Wengi huishia kucheka huku wameziba mdomo.

Kauri za leo hazihitaji chuma. Ile ya lithiamu disiliketi, inayookwa kwa nyuzijoto 840 hivi za Selsiasi, imejaa fuwele nyembamba zilizosongamana, nazo huzuia ufa usisonge mbele. Kauri nyingine, zirkonia, ni ngumu zaidi. Mwaka 1975 watafiti wa Australia walieleza siri yake: ufa unapoanza, fuwele zilizo karibu hubadili umbo, hutanuka na kuubana.

Kubadilisha taji la zamani huanza na rangi. Daktari huilinganisha na meno jirani kwenye mwanga wa mchana, kabla hayajakauka, maana jino likikauka huonekana jeupe kuliko kawaida. Kisha hulikata taji, huondoa palipooza, huchukua kipimo na kuweka taji la muda. Fundi wa maabara akimaliza lile la kudumu, hugandishwa kwa gundi maalumu.

Kauri haiozi. Jino lililo chini yake ndilo huoza, hasa pale ukingo wa taji unapokutana na fizi. Kwa hiyo piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, menya muwa kwa kisu, na usifungue chupa kwa meno. Ukienda kwa daktari kutaka taji jipya, uliza kwanza hali ya mzizi na fizi. Rangi ije baadaye, kwa kuwa taji zuri juu ya mzizi mbovu halidumu.