Pampu ya Bei Nafuu na Mlima wa Tukuyu

Gari lenye pampu dhaifu ya mafuta linaweza kukutumikia Kyela wiki nzima bila kulalamika. Kutoka mjini kwenda Ipinda hadi Matema njia ni tambarare, na injini haidai mafuta mengi. Ugonjwa hujitokeza siku unapopakia magunia ya mchele kwenda Mbeya. Njiani unapanda hadi Tukuyu, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya Ziwa Nyasa. Ukiwa mlimani, ekseleta chini, gari linaanza kukohoa, kisha linakata moto. Unaegesha kando ya migomba, baada ya muda linawaka tena, na fundi wa kwanza utakayemkuta anakubadilishia plagi.

Katika Noah, Probox, IST na magari mengine ya petroli ya EFI, pampu hukaa ndani ya tangi. Ni mota ndogo ya umeme inayosukuma petroli kwa mgandamizo wa takriban bar 3. Petroli hiyohiyo ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Kwa hiyo anayetembea kila siku taa ya mafuta ikiwa imewaka, katika joto la Kyela, anaichosha pampu yake mwenyewe, hata ikiwa orijino.

Sina ugomvi na pampu ya bei nafuu. Ninachopinga ni kuifunga kabla ya kujua kilichoiua ile ya kwanza. Vijijini, mbali na vituo, petroli huuzwa kwenye chupa na madumu. Vinasaba vya mafuta ambavyo mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kuvitumia mwaka 2010 husaidia kugundua mafuta yaliyochakachuliwa, lakini havizuii maji na mchanga vinavyoingia baadaye kwenye dumu chafu. Uchafu huo hulala chini ya tangi na kuziba chujio la pampu. Ukiweka pampu mpya humo bila kuosha tangi na kubadilisha chujio, umenunua muda mfupi tu.

Chunguza umeme pia. Pima volti kwenye soketi ya pampu huku injini ikiunguruma, ulinganishe na za betri. Zikipungua zaidi ya volti moja, tafuta waya uliooza, eathi mbovu au rilei iliyoungua. Nimeona pampu nzima zikitupwa kwa sababu ya eathi yenye kutu.

Dukani, usiridhike na boksi lenye jina la Denso, maana jina ni rahisi kughushi. Nenda na pampu ya zamani, linganisha namba, soketi na kipimo cha mdomo wake, kisha uulize mgandamizo wake. Pampu ya injini ya kabureta hutoa mgandamizo mdogo mno. Hata ikienea haifai. Omba risiti, na mkubaliane kabla ya kulipa kama itapokelewa ikishindwa kazi, kwa sababu maduka mengi hayarudishi vitu vya umeme.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni kipande kifupi cha mpira kinachounganisha pampu na mfuniko wake. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kubeba petroli ndani, si kuzama ndani yake. Ukizama huvimba, hulegea na kupasuka, mgandamizo unavuja humohumo tangini, na lawama zinaiangukia pampu. Tafuta ulioandikwa SAE J30R10. Badilisha pia ringi ya mfuniko. Ile ya zamani ikishavimba haikai tena vizuri, na harufu ya petroli huingia ndani ya gari.

Kabla ya kufungua, chomoa fyuzi ya pampu, washa injini hadi izime yenyewe, kisha toa waya wa hasi wa betri. Fanyia kazi uwanjani penye hewa, mbali na jiko na sigara.

Ukimaliza, usilipime gari kwa kuzunguka stendi. Mwambie fundi aunge geji ya mgandamizo, mpira wake utokee nje ya boneti, geji ifungwe chini ya waipa, nje ya kioo. Pakia mzigo, panda kuelekea Tukuyu, abiria asome mshale. Mshale ukibaki palepale ekseleta ikiwa chini, pampu hiyo ya bei nafuu inakutosha. Mshale ukishuka kadiri mlima unavyokaza, na chujio ni jipya na umeme umepimwa, irudishe dukani na risiti yako siku hiyohiyo.